Tarehe ya Ndoa na Tarehe ya Karatasi

Mwaka jana, baada ya ufuta kuvunwa, vijana wawili walikuja kutuona nyumbani kwa mwinjilisti wetu hapa Mkange. Binti tulimfahamu; ni mwimbaji wa kwaya. Kijana naye alilelewa hapa, akaenda kusoma Kanada, akamaliza, akapata kibali cha kufanya kazi huko. Alikuwa amerudi kwa likizo ya wiki nne. Posa ilikwisha kupokelewa na mahari yalikwisha kutolewa. Tulidhani wamekuja kupanga siku ya harusi, tukaanza kufurahi nao.

Kijana akasema, "Baba Mchungaji, tunaomba ndoa, lakini tunaomba iwe ya kimya. Isitangazwe kanisani. Na cheti, kama inawezekana, kisubiri. Kiandikwe tarehe ya mbele, nikishapata ukaazi wa kudumu."

Binti alikuwa anatazama mkeka. Mama yake, aliyekuwa ameketi mlangoni, alituuliza swali moja tu: "Mchungaji, hiyo ni dhambi, au ni kupanga mambo?"

Swali la mama huyu ndilo linalotufanya tuandike makala haya. Sharika zetu za pwani, kuanzia Dar es Salaam hadi Bagamoyo na vijiji vya ng'ambo ya mto Wami, zina vijana wengi wenye mchumba au mwenzi nchi za mbali. Wanauliza waoane lini, waombe viza lini, wamtaje mwenzi lini. Mara nyingi wanamuuliza rafiki aliyetangulia au kishoka wa mjini kabla ya kumuuliza mzazi au mchungaji. Nasi wachungaji mara nyingi hunyamaza, kwa kuwa mambo ya fomu tunayaona si ya kiroho.

Tuanze kwa kuelewa jaribu lenyewe, maana hatuwezi kumhukumu mtu ambaye hatujaelewa mzigo wake.

Kanada huwapokea wafanyakazi wengi wenye ujuzi kwa mfumo wa alama uitwao Express Entry, ulioanza Januari 2015. Umri, elimu, lugha na uzoefu wa kazi vinahesabiwa. Asiye na mwenzi anaweza kupata hadi alama 500 katika sehemu hiyo. Mwenye mwenzi anayefuatana naye mwisho wake ni 460, na alama 40 zinazobaki hutegemea elimu, lugha na kazi ya mwenzi huyo. Kwa hiyo kijana mwenye shahada anayemwoa binti aliyeishia kidato cha nne, ambaye hajafanya mtihani wa Kiingereza, anaona alama zake zinashuka siku anapomtaja mke wake. Hapo ndipo sauti inamwambia, "Andika hujaoa. Mke utamtaja baadaye."

Marekani nako kuna hesabu zake. Sheria yao inaweka kikomo cha viza kila mwaka kwa wenzi wa wakaazi wa kudumu, lakini haiweki kikomo kwa wenzi wa raia. Mkaazi kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kuomba uraia. Kwa hiyo wapo wanaochukua uraia wa kigeni ili mwenzi afike upesi, na kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, wanaupoteza wa kwao. Katika bahati nasibu ya viza, mshiriki anatakiwa kumtaja mwenzi wake tangu siku ya kujaza, hata kama mwenzi huyo hataki kusafiri. Asipomtaja, anaweza kuondolewa kabisa.

Mtu anayesimama mbele ya hesabu kama hizi si lazima awe mwovu. Anaogopa. Njaa ya nyumbani iko nyuma yake na mlango mwembamba uko mbele yake.

Biblia inamjua mtu huyo. Katika Mwanzo 12, njaa ilipoingia Kanaani, Abramu alishuka Misri. Walipokaribia mpaka, alimwomba mkewe Sarai aseme kwamba ni dada yake, kwa sababu aliogopa kuuawa kwa ajili ya uzuri wake. Hofu yake ilikuwa ya kweli. Hata maneno yake yalikuwa nusu kweli, kwa maana Mwanzo 20:12 inaeleza kwamba walikuwa wa baba mmoja na mama mbalimbali. Tena mpango ulifanikiwa. Alipewa kondoo, ng'ombe, punda na ngamia.

Lakini tuulize nani alilipa. Abramu alipata mifugo, na Sarai akachukuliwa nyumbani kwa Farao. Ukiisoma sura hiyo tena utaona kwamba Sarai hasemi neno lolote ndani yake. Anaombwa, anatajwa, anachukuliwa, anarudishwa. Bwana alimlinda, lakini hakumlinda kwa sababu ya uongo ule; alimlinda ingawa uongo ulikuwapo. Na aliyemkemea Abramu alikuwa Farao, asiyemjua Mungu wa Abramu. Ni aibu kwa mtu wa imani kufundishwa ukweli na mlinda mpaka.

Hapa tunapaswa kukiri jambo letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tunatumika katika usharika mwingine, tulifungisha ndoa ya vijana waliopendana. Ndoa ilitangazwa na watu walishangilia. Wiki moja baadaye bwana harusi alikuja kutuaga, akatuambia kwamba ombi lake la ukaazi wa Kanada lilikuwa limefika mwishoni, na kwamba kishoka aliyemjazia fomu alimshauri asiseme kuwa ameoa. Alituuliza tunaonaje. Tulimjibu, "Mungu anaijua mioyo." Tukamwombea safari njema.

Maneno yale yalikuwa kweli, lakini tuliyatumia kama pazia la kujificha.

Kanuni za uhamiaji za Kanada, zilizoanza kutumika mwaka 2002, zinamtaka mwombaji awataje mwenzi na watoto wake wote, wanaosafiri na wasiosafiri, nao wachunguzwe. Akioa baada ya kuomba lakini kabla ya kuingia na kupokea ukaazi, anapaswa kusema. Mwenzi ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa wakati huo hutengwa: mume hawezi baadaye kumdhamini kama mke. Na mwombaji akigundulika kuwa alidanganya, yeye mwenyewe anaweza kuzuiwa kwa miaka mitano au kupoteza alichopata. Kuanzia Septemba 2019 nchi hiyo ililegeza kanuni ya kutengwa kwa baadhi ya makundi, wakiwamo wakimbizi. Kijana wetu hakuwa katika makundi hayo.

Alipopata ukaazi wake, alituma ombi la kumdhamini mkewe. Likakataliwa. Cheti cha ndoa kilikuwa na tarehe ya kabla ya kuingia kwake, na fomu yake ilisema hajaoa. Cheti kilichowaunganisha hapa ndicho kilichowatenga kule. Mke alibaki na mtoto ambaye baba alimjua kwa simu. Tulipomtembelea siku moja hakulia wala hakulalamika. Alisema tu, "Mchungaji, ninyi mlijua." Maneno hayo tunayasikia hata leo tunapovaa joho kufungisha ndoa.

Ndiyo maana swali la mama wa Mkange halikuwa jepesi kwetu. Tulimjibu kwamba ndani ya ombi la vijana wale mlikuwa na mambo mawili yaliyofungwa kitambaa kimoja. La kwanza ni kupanga. La pili ni kuficha.

Kupanga si dhambi. Hapa kwetu watu wanangoja ufuta uuzwe ndipo wafanye harusi. Wengine wanangoja mananasi ya Kiwangwa yashuke shambani, au mvua za masika zipite ili wageni wavuke Wami bila shida. Hakuna anayesema wamekosa imani. Yakobo alingoja miaka saba kwa ajili ya Raheli. Kijana anayesema, "Nitapata kwanza ukaazi, kisha nitarudi kuoa, kisha nitamdhamini mke wangu," hajamdanganya mtu yeyote, mradi mchumba wake amekubali kwa hiari na wote wawili wanaishi kama wachumba kweli. Vilevile anayesema, "Tuoane sasa, tuombe pamoja," hajadanganya. Sheria ikiweka milango miwili, mtu ana ruhusa ya kuchagua mmoja na kuchagua saa ya kuupita.

Kuficha ni jambo jingine. Kuficha ni kuwa na tarehe moja mbele za Mungu na tarehe nyingine kwenye karatasi. Ni kumwambia mwanamke "mke wangu" chumbani, na kumwambia afisa "sina mke" mezani. Bwana wetu alifundisha kwamba ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo (Mathayo 5:37), wala hakuacha nafasi ya ndiyo ya Mkange na siyo ya ng'ambo.

Sisi Walutheri tuna sababu ya pekee ya kulijali hili. Luther alikutana na jambo la namna hii. Siku zake vijana waliahidiana ndoa kwa siri, na sheria ya kanisa ya wakati ule ilizitambua ahadi hizo. Matokeo yake yalikuwa vilio: mmoja alikana, mwingine hakuwa na shahidi, na mtu aliyefunga ndoa hadharani aliweza kudaiwa na aliyeahidiwa gizani. Mwaka 1530 Luther aliandika kitabu kidogo kuhusu mambo ya ndoa, akashikilia kwamba ndoa ni jambo la hadharani, lenye wazazi na mashahidi, na kwamba ahadi ya siri haiwezi kuishinda ya wazi. Hakufanya hivyo kwa kupenda taratibu. Aliona kwamba anayeumizwa na siri ni yule mnyonge asiye na ushahidi.

Ndiyo maana tunatangaza ndoa Jumapili tatu. Na Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inataka taarifa itolewe siku 21 kabla. Wengine hudhani matangazo ni ya kutafuta pingamizi tu. Lakini matangazo pia yanamlinda bibi harusi. Yanaufanya usharika mzima kuwa shahidi wake. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ndoa iliyofichwa ili izae maisha mazuri hunyimwa hata uzao uliotarajiwa.

Tunajua wapo watakaotupinga, na hoja zao si za kitoto. Wa kwanza atasema, "Mipaka yenyewe si ya haki. Zamani watu wa bara walipitishwa Bagamoyo kwa minyororo na kupelekwa ng'ambo bila kuulizwa karatasi. Leo anayetaka kwenda kwa hiari anahesabiwa alama kama mbuzi wa mnada. Kwa nini tuwe wakweli kwa watu hao?" Tunakubali kwamba serikali inayowatenga mume na mke kwa miaka inafanya jambo zito mbele za Mungu, na kanisa lisiogope kulisema. Lakini uongo wa kijana haubomoi mpaka huo hata jiwe moja. Unauacha ulivyo, na kumweka mke wake upande wa nje.

Wa pili atataja wakunga wa Kiebrania katika Kutoka 1, na Rahabu katika Yoshua 2, walioficha ukweli wakahesabiwa haki. Ni kweli. Lakini tuangalie walimficha nani na kwa ajili ya nani. Wakunga walihatarisha maisha yao ili watoto wa wengine waishi. Rahabu alijiweka hatarini kwa ajili ya wageni wake. Katika jambo letu mwenye kuficha ndiye anayefaidika, na hatari inabebwa na aliyefichwa. Huo ni mfano wa Abramu, si wa Rahabu.

Wa tatu atasema, "Ukweli utatuchelewesha." Huyu hatuna la kumpinga. Zaburi 15 inamsifu mtu aliyeapa kwa hasara yake asibadili neno. Mtunga zaburi hakuahidi kwamba hasara haitakuwapo.

Basi tuliketi na vijana wale siku mbili, na fomu zao mkekani. Tuliwaambia wazi kwamba ndoa ya siri hatutafungisha, na cheti chenye tarehe isiyo ya kweli hatutakitia sahihi, kwa kuwa hiyo ni amri ya nane. Kisha tukasoma pamoja, neno kwa neno, yale ambayo kijana alikuwa amesimuliwa tu. Ndipo tukaona jambo lililotushangaza: ndani ya ukweli mlikuwa na nafasi kubwa kuliko rafiki zake walivyomwambia.

Angeweza kungoja na kubaki mchumba. Angeweza kuoa sasa na kumtaja mkewe kama mwenzi atakayefuatana naye, kwa alama pungufu. Na angeweza kuoa sasa, akamtaja kama mwenzi asiyefuatana naye. Hapo alama zingehesabiwa kama za mtu asiye na mwenzi, mke angepimwa afya kama kanuni inavyotaka, na baadaye angedhaminiwa kihalali. Kumbe njia ambayo watu wanaitafuta kwa uongo ilikuwapo kwa ukweli. Ni wangapi wameharibu ndoa zao kwa kuiba kitu kilichokuwa wazi mezani?

Lakini hata mlango huu wa tatu ulihitaji dhamiri. Tulimuuliza kijana, "Kweli atabaki nyuma, au unaandika hivyo huku mmekwisha kupanga kusafiri pamoja?" Akanyamaza. Walikuwa wamepanga kusafiri pamoja. Basi kuandika kwamba habaki naye kungekuwa ni kuurudisha uongo ule ule kwa mlango wa jikoni.

Hapo binti, ambaye kwa siku mbili alikuwa hajasema neno, alisema. Hakumtazama mchungaji wala mama yake. Alimtazama mchumba wake. "Katika karatasi hizo zote, mimi nitaandikwa wapi?"

Sarai hakuuliza swali hilo, au kama aliuliza halikuandikwa. Binti wa Mkange aliuliza. Kijana alikaa kimya kitambo, kisha akajibu, "Utaandikwa pamoja nami."

Ndoa ilitangazwa Jumapili tatu mfululizo. Ilifungwa siku nne kabla ya likizo kwisha, na majirani zetu Waislamu walikuja na sufuria zao kupika pilau pamoja nasi, kama desturi ya hapa. Cheti kina tarehe ya siku ile ile. Kijana alirekebisha maelezo yake, akaandika kwamba ana mke na kwamba atafuatana naye. Alama zilishuka. Ameamua kurudia mtihani wa Kiingereza ili afidie, na mkewe anajifunza Kiingereza jioni kwa mwalimu wa shule. Mpaka tunapoandika haya, kijana hajaitwa kuwasilisha ombi. Wanangoja.

Hatutaki msomaji adhani kwamba wakweli hulipwa upesi. Huenda wakaitwa mwakani, huenda wasiitwe. Huenda ikabidi kijana arudi nyumbani. Paulo aliwaonya wanandoa wasinyimane ila kwa kupatana, tena kwa muda (1 Wakorintho 7:5). Kwa hiyo tuliwaomba wakubaliane, kabla ya kuagana, ni kwa muda gani watavumilia kutengana, na wakiufikia mwisho huo bila jibu nani atamfuata nani. Waliandika mwaka na mwezi kwenye karatasi, wakaiweka ndani ya Biblia yao. Ukaazi wa kudumu ni kitu kizuri, lakini hata wenye huo wataacha nchi zote siku moja. Ukaazi usitolewe sadaka ya ndoa.

Kwa wazazi tunasema: msiharakishe harusi kwa hofu kwamba mkwe atapotea, wala msikubali binti afichwe kwa tamaa ya fedha zitakazotumwa. Kwa wachumba tunasema: someni fomu wenyewe kabla ya kumsikiliza kishoka, na kila mmoja ajue mwenzake ameandika nini juu yake. Kwa wazee wa kanisa tunasema: aliyebaki nyuma akimngoja mwenzi asiachwe kuwa mada ya barazani. Mtembeleeni, mlimieni, muulizeni habari za mumewe kama za mtu aliye hai. Na kwa watumishi wenzetu tunasema: tukiulizwa, tusijibu kwamba Mungu anaijua mioyo. Anaijua, ndiyo. Ndiyo maana tunaulizwa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulimuuliza mke yule kama anajuta. Alicheka kidogo, akasema, "Mchungaji, kungoja kunauma. Lakini nangoja nikiwa na jina langu."

Bwana awatunze wote wanaongojana, nchi kavu na ng'ambo ya bahari, na atupe sisi sote ujasiri wa kutajana mbele za watu, kama yeye alivyoahidi kuwakiri mbele za Baba wale wanaomkiri. Amina.